Sindano ya Jumatatu

Wale wanaopenda kusema kinga ni bora kuliko tiba, nawakaribisha waje wakae na mimi hapa pembeni ya kitanda cha kaka yangu, tuzungumze vizuri. Waje na methali zao zote. Nina kiti kimoja cha ziada, na muda ninao, maana siku hizi nashonea hapa hapa chumbani kwake.

Kaka yangu anaitwa Futi. Jina alilopewa na wazazi lipo, lakini hata wifi yangu, yaani mkewe, hulitumia akikasirika tu. Futi ni ile futi ya kupimia nguo, ambayo imening'inia shingoni mwake tangu akiwa kijana mpaka ikaacha alama kwenye kola za mashati yake yote. Siku tunamzika kaka yetu mkubwa, watu wanainamisha vichwa, naona kitu cha njano kinachungulia kwenye koti la Futi. Alikuwa nayo! Nikamkonyeza, akaisukuma ndani. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka makaburini.

Ni fundi wa kukata. Chumba chetu cha kazi ni kirefu, kina madirisha mawili na meza moja ya kukatia iliyochakaa pembeni kwa mikono. Futi alisimama pale mezani na mkasi wake, ambao mtu mwingine akiugusa ni ugomvi. Ukutani kabisa alikaa mwenzetu tunayemwita Overloki, kwa sababu ndiyo mashine anayoiendesha, ile ya kufunga kingo za kitambaa, na mdomo wake unakwenda kama hiyo mashine. Mimi nilikaa dirishani. Cherehani ndogo ninayo, lakini kazi yangu hasa ni ya mkono: pindo, vitundu vya vifungo, bitana, yote yale ambayo mashine haiyawezi na wateja hawayaoni mpaka yakose kuwapo.

Sasa, kuna jambo la kwanza ambalo fundi yeyote chumbani mwetu hufundishwa, hata kabla ya kutunga uzi. Sindano itakuchoma. Hilo halina mjadala. Ukichomwa na damu ikadondoka kwenye kitambaa, usikimbilie maji, usikimbilie sabuni. Tema mate yako mwenyewe pale pale, sugua kwa uzi mweupe, doa litatoka. Lakini yawe yako. Damu yako inatolewa na mate yako, ya mwenzako hayafanyi kitu. Sijui kama ni kweli au ni imani ya mafundi, ila mimi nimeifuata miaka ishirini na saba na sijawahi kumrudishia mteja nguo yenye doa.

Tulizaliwa watatu. Baba yetu alifariki akiwa na miaka hamsini na miwili, amekaa kwenye kiti, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Kaka mkubwa naye alifika hamsini na miwili. Alikuwa mlinzi wa ghala. Asubuhi hiyo alifungua geti, gari likapita, akalifunga, akaanguka. Basi. Watu wakasema moyo. Hakuna aliyepima chochote, si kwa baba, si kwake. Mtu akishakufa ghafla, watu husema moyo, kisha huenda kutafuta viti vya msibani.

Futi wakati huo alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mtu mzima, baba wa watoto walioshaoa na kuolewa, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Nimebakiza mitatu," aliniambia siku moja, anachora chaki kwenye suruali ya mtu.

"Mitatu ya nini?"

"Mdogo wangu, usijifanye hujui."

Nilimfokea. Nilimwambia mwenye kupanga siku za watu si fundi cherehani. Lakini alikuwa ameshaingia woga, na woga ukiingia kwa mwanamume mkubwa hutia huruma kuliko ukiingia kwa mtoto. Alipungua mpaka tukambania suruali zake mwenyewe. Akawa akipanda ngazi anasimama katikati, mkono kifuani, anasikiliza.

Hapo ndipo alipokuja Mzee Suti. Huyu ni mteja wetu wa siku nyingi, mstaafu wa ofisini, anavaa suti hata akienda kununua betri. Alileta suruali tatu zipunguzwe kiuno na urefu. Futi alikuwa ametoka kupeleka sare za wafanyakazi, kwa hiyo nilikuwa mimi, nimepiga magoti, nambandika pini kwenye pindo. Nikamweleza habari za kaka yangu. Naye akasema, na maneno yake nayakumbuka yote, moja moja: "Mimi tangu moyo uliponishtua mwaka juzi nikalazwa, daktari ameniandikia aspirini ndogo, kidonge kimoja kila siku. Inazuia damu isigande."

Hiyo ndiyo sentensi nzima. Niliisikia yote. Ila Futi aliporudi nilimwambia hivi: "Mzee Suti anasema kidonge kimoja cha aspirini kila siku kinazuia moyo."

Umeona nilichokata? Nilikata pale mwanzo. Nilikata moyo uliokwisha kushtuka, nikakata kulazwa, nikakata daktari. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka tu kumpa kaka yangu kitu cha kushika. Lakini mkato ni mkato, na kitambaa kikishakatwa hata ulie namna gani hakiungi bila kuonekana.

Nilikwenda mwenyewe duka la dawa. Muuza dawa aliniuliza, "Ni ya nani? Ana ugonjwa wa moyo?" Nikamjibu, "Ndiyo, ni wa ukoo." Akanifungia. Kila siku nikifika kazini, kabla sijafungua dirisha, nilikuwa namwekea kidonge kwenye kisosi pembeni ya chai yake. Kidogo, cheupe, cha kuchekesha. Ungesema kifungo cha nguo ya mtoto mchanga.

Ndani ya wiki mbili kaka yangu alirudi. Nasema kweli, alirudi! Alianza kula, akaanza kumtania Overloki kuhusu upara wake, akaacha kusimama katikati ya ngazi. Mimi nilikuwa najisikia kama mtu aliyemvuta mwenzake kutoka kisimani.

Lakini Futi ni fundi. Fundi haamini kitu asichokipima. Kidonge kinaingia tumboni, sawa, utajuaje kama kinafanya kazi? Chumbani kwetu Jumatatu asubuhi ndiyo siku ya kutia mashine mafuta. Kila mtu anafunua yake, anafuta vumbi la uzi, anadondosha tone hapa na tone pale. Futi hakuwa na mashine, ana mkasi na meza. Jumatatu moja wakati sisi tunatia mafuta, akachomoa sindano kwenye kifua cha shati lake, akajichoma kidole cha shahada, akaanza kuhesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Damu ilikoma akiwa sitini na kitu. Akaandika hiyo namba kwa chaki ubavuni mwa meza.

"Umeanza wazimu?" nikamuuliza.

"Napima mafuta," akasema. "Damu ikikawia kukoma, ujue imekuwa nyepesi, haigandi. Dawa inafanya kazi."

Na unajua nini? Sikuliona kosa. Tulikaa pale watu wawili wenye akili timamu, mimi na Overloki, tunamwangalia mtu anajitoboa, na sote tukaona amepata kipimo kizuri. Mtu mwingine damu ikichelewa kukoma anashtuka. Sisi tulipiga makofi. Jumatatu baada ya Jumatatu namba zilipanda: themanini, mia, mia na kumi. Overloki alikuwa hata hajavua kofia anauliza mlangoni, "Futi, mafuta mangapi leo?" Siku akipata namba kubwa kuliko iliyopita alikata nguo anapiga mluzi.

Akafika hamsini na miwili. Mwaka ule alitembea kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Hakuinua kitu, hakugombana na mtu, hata wateja wakorofi aliwaambia "haya mama, haya baba." Akatimiza hamsini na mitatu. Siku hiyo alinunua soda kwa chumba kizima, akasimama kwenye kiti, futi shingoni, akasema, "Baba nimempita. Kaka nimempita. Na aliyeniokoa ni huyu mdogo wangu, huyu hapa mwenye ulimi mkali." Nililia mbele za watu. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyoolewa, na kwa jinsi ndoa yangu ilivyokwenda nilikuwa na haki.

Kuna jambo moja la mwaka huo huo ambalo sikulitilia maanani, na sasa haliniachi. Nesi mmoja alikuja kuchukua sare zake. Mkobani alikuwa na kile kipimo cha presha, kile cha kufunga mkononi na kupuliza. Wakati anasubiri nimalizie kifungo, akamwambia Futi, "Fundi, uso wako una wekundu. Lete mkono nikupime, dakika moja tu."

Futi akacheka. "Dada, hapa ndani anayepima watu ni mimi."

Tukacheka sote, na nesi pia. Akakunja sare zake akaenda. Kwenye daftari la Futi kuna mabega, viuno na mapaja ya mji mzima, na yeye mkono wake haukuwahi kufungwa kile kitambaa hata mara moja. Mganga hajigangi, ndivyo wasemavyo.

Mwaka uliofuata namba zilianza kushuka. Labda ni baridi, labda kidole kilikwisha kuota sugu kwa kuchomwa, sijui. Mia ikawa tisini, tisini ikawa sabini. Futi akaingiwa na hofu upya. Hakuniambia. Aliacha vile vidonge vidogo vya kwenye kisosi, alikuwa anavitia mfukoni ili nisione, akawa anameza aspirini zile kubwa za maumivu, mbili asubuhi na moja jioni. Juu yake anameza dawa ya mgongo, kwa sababu fundi wa kukata hakosi mgongo. Namba zikapanda tena. Akapiga mluzi tena.

Wifi yangu ndiye aliyeanza kuona. Alikuja dirishani kwangu, akanong'ona, "Wifi, ndugu yako anakaa chooni muda mrefu. Na akitoka nikienda kumwaga maji, choo ni cheusi. Cheusi kama lami."

Nikamuuliza Futi. Akasema, "Dawa inasafisha." Akasema tumbo linamwaka kidogo, ni chai. Midomo yake ilikuwa imepauka. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilimwambia hivyo hivyo usoni, akanijibu kifo alishakipita kona ile ya hamsini na mbili.

Jumatatu hiyo tulikuwa na gauni la bibi harusi mezani, jeupe, lenye mkia mrefu. Akajichoma kama kawaida, akaanza kuhesabu. Mia. Mia na hamsini. Mia mbili. Tone likadondoka kwenye mkia wa gauni. Akalitemea mate, akasugua. Likadondoka jingine. Na yeye anacheka! "Mia tatu!" akasema, amenigeukia mimi, anang'aa. "Mdogo wangu, mia tatu!" Akazunguka meza aandike ile namba ubavuni, akashuka chini taratibu kati ya meza na mashine. Alipotapika, ilikuwa damu.

Overloki alimbeba mgongoni mpaka barabarani.

Hospitali walimwongeza damu chupa tatu. Daktari alikuwa binti mdogo, kalamu imechomekwa kwenye nywele, macho yamechoka. Alituita pembeni ya kitanda, mimi na wifi. Futi alikuwa macho, mrija mkononi.

"Alikuwa anatumia dawa gani?" akauliza.

Nikamweleza. Vile vidogo miaka minne, vile vikubwa ambavyo wifi alivikuta mfukoni, na ya mgongo.

"Amewahi kupata mshtuko wa moyo? Kiharusi?"

"Hapana. Baba yetu na kaka yetu."

"Mama, sikiliza," akaniambia. "Mtu ambaye moyo umeshamshtua, aspirini kila siku inamfaa, faida yake inazidi hasara. Lakini mtu ambaye hajaumwa, akiimeza kila siku, itawaokoa wachache sana kati ya wengi, na karibu idadi ile ile itawatoboa tumbo au kuwamwagia damu kichwani. Na hakuna anayejua mapema wewe utakuwa upande gani. Ndiyo maana hatumpi kila mtu. Tunakaa na mtu, tunampima, tunapima faida na hasara. Na kaka yako ana presha kubwa, tumeipima mara tatu leo, damu ikiwa bado haijamrudia yote. Mtu mwenye presha ya namna hii, aspirini ni kucheza na moto. Huenda presha hiyo ndiyo iliyowaua baba yenu na kaka yenu. Ilikuwa ina dawa yake."

Ilikuwa ina dawa yake. Alisema hivyo, kwa upole, bila kunilaumu.

"Nani alimwandikia hii aspirini?" akauliza mwisho.

Nilimwona wifi ananigeukia. Na kitandani, kwa sauti ya mtu anayevuta pumzi kwenye tundu la sindano, Futi akasema, "Nilijiandikia mwenyewe."

Kumbe maneno mema nayo huchoma. Tangu siku hiyo sijawahi kula chakula nikakisikia utamu.

Alirudi nyumbani na dawa za tumbo na dawa za presha. Aspirini marufuku, na ile ya mgongo marufuku. Nikavitupa vidonge vyote chooni kwa mikono yangu. Lakini dawa za presha kaka yangu hakuziamini. Zilimpa kizunguzungu, zilimkojoza, na jambo lililomshinda zaidi, hazikuwa na sindano. "Presha haiumi, haionekani," alisema. "Nitajuaje kama imeshuka?" Nikamwambia twende zahanati wakampime. Akaenda mara moja, foleni ikamshinda, hakurudi. Anameza leo, kesho anaruka, keshokutwa anasahau. Wifi na mimi tulimsimamia, tukamgombeza, tukambembeleza. Sikio la kufa halisikii dawa, watu husema. Uongo. La kaka yangu lilisikia dawa, tena mapema mno, na lilisikia kutoka kwangu. Baada ya hapo halikuwa na nafasi ya nyingine.

Na Jumatatu aliendelea kujichoma. Namba zikarudi sitini. Hamsini na tano. Alizitazama zile chaki ubavuni mwa meza kama mtu anayesoma barua ya hukumu.

"Mdogo wangu," akaniambia siku moja, Overloki akiwa ametoka. "Kimoja tu. Kile kidogo."

"Siwezi."

"Miaka minne ulinipa. Nikavuka. Leo unaninyima?"

"Futi, daktari kasema itakuua."

"Na baba kilimuua nini? Aliwahi kumeza?"

Nilimwambia sitampa, na akinunua mwenyewe nitamwambia mkewe. Aliinama akaendelea kukata. Nilikaa dirishani nashona kitundu kimoja cha kifungo asubuhi nzima, nafumua, nashona, nafumua.

Wiki sita baadaye, mchana, jua liko juu ya meza, nilisikia mkasi umeanguka. Futi haangushi mkasi. Nilipogeuka alikuwa ameegemea meza, anajaribu kuuokota kwa mkono ambao haukumtii, na mdomo wake umekwenda upande mmoja. Akaniambia kitu. Hakikuwa neno.

Daktari alikuwa yule yule, kalamu kwenye nywele. Akasema kiharusi. Akasema kuna vya aina mbili, cha damu kuganda ikaziba mshipa, na cha mshipa kupasuka. Kuvitofautisha lazima picha ya ubongo, na mashine ya picha haipo hapa, iko mwendo wa siku nzima kwa gari, na kwa hali yake hafiki.

"Kama ni damu iliyoganda?" nikauliza.

"Aspirini ingesaidia kidogo."

"Na kama ni mshipa uliopasuka?"

"Ingemmaliza. Na tumbo lake unalijua. Mama, sithubutu kumpa."

"Daktari," nikamwambia, "niambie ukweli. Yangempata haya kama nisingemnyima?"

"Usijiulize hivyo, mama."

Ahsante. Nisijiulize. Nikiacha kujiuliza, nitafanya nini mikono yangu ikiwa inashona na kichwa hakina kazi? Nilimpa, akamwagika damu. Nikamnyima, akaanguka. Najua, najua, dawa za presha hakuzimeza. Najua. Lakini mtu anayesema anajua hajawahi kuombwa kidonge kimoja na kaka yake akasema siwezi.

Sasa amelala hapa, huu ni mwezi wa tano tangu aanguke. Upande wa kulia wote umekufa, mkono, mguu, na hata jicho la upande ule halioni kitu. Neno hana. Wifi asubuhi anakwenda kutafuta riziki, mimi naja na kikapu changu cha vifungo. Dawa zake zote anameza sasa, kwa sababu namtilia mdomoni kwa kijiko. Nesi anapita kila wiki kumfunga kile kitambaa mkononi, anapuliza, anatikisa kichwa, anaandika. Daktari alisema kiharusi cha pili hupenda kumfuata cha kwanza. Hakusema lini.

Jumatatu iliyopita nilikuwa nashona, nikaona mkono wake wa kushoto unanyooka. Unanielekea kifuani. Nikadhani anataka maji. Hapana. Alikuwa anaonyesha sindano niliyoichomeka kwenye blauzi. Nikatikisa kichwa. Akaendelea kunyoosha, na machozi yanamtoka kwenye lile jicho zima. Nikampa.

Aliitafuta kwa kupapasa ile shahada ya mkono wa kulia, akaichoma. Hakusikia kitu, niliona kwamba hakusikia kitu. Mkono ule umelala upande ambao hauoni, shingo hawezi kuigeuza. Basi akanitazama mimi. Anasubiri.

Nikaelewa. Nikaweka kazi chini nikaanza kumhesabia. Moja, mbili, tatu. Tone lilitoka, likateremka kwenye shuka, na kabla sijafika arobaini damu ilikuwa imekoma, kidole kikavu. Arobaini. Haijawahi kuwa ndogo hivyo.

Yeye ananitazama.

Arobaini na moja, nikasema. Arobaini na mbili. Nikaendelea. Mia, nikaona bega lake la kushoto limeshuka kidogo. Mia na hamsini. Nilipofika mia mbili nusu ya mdomo wake ilikuwa inacheka, ile nusu iliyo hai, na akafumba jicho kama mtu aliyetua mzigo. Nilihesabu mpaka mia tatu.

Kisha nikaona doa kwenye shuka. Maji yalikuwa pale kwenye jagi, sabuni ipo. Lakini damu yako inatolewa na mate yako. Kwenye pembe ya mdomo wake, upande uliokufa, mate hayaachi kuchuruzika, kutwa namfuta. Nikayachukua kwa ncha ya kidole changu, nikayaweka kwenye doa, nikakata kipande cha uzi mweupe nikasugua.

Lilitoka lote. Kesho kutwa ni Jumatatu tena.